Mishale Mitatu Haikuvuka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa unyenyekevu, kwani mimi ni mchoraji wa mifumo ya kompyuta niliyejifundisha mwenyewe, na kazi yangu ni kuonyesha kwa visanduku na mishale namna programu itakavyofanya kazi, kabla waandishi wake hawajaanza kuiandika. Hivi sasa tunaandaa programu ya chumba cha dawa cha hospitali, mimi nikichora kwa programu moja huria, yaani iliyo wazi kwa yeyote kuitumia na kuirekebisha, na shemeji yangu, mke wa kaka yangu, msimamizi wa waandishi, akitumia nyingine, huria vilevile, nami nilitamka kikaoni kwamba faili langu litafunguka kwake bila kupungua hata nukta, kwa kuwa zote mbili hufuata kanuni moja ya kuhifadhi michoro.

Shemeji akauliza, "Haya, Bwana Nukta, umehakikisha?"

Nikajibu, "Shemeji, nimehesabu visanduku vyote arobaini na viwili."

Mishale sikuihesabu. Juzi nilichungulia kompyuta yake nikagundua mitatu haikuvuka, mmojawapo ukiwa ule unaozuia dawa isitolewe kabla mfamasia hajaidhinisha dozi, na tangu hapo ninairudisha kwa siri saa ya chai, lakini kila nikituma faili jipya inatoweka tena, na waandishi wanaanza Jumatatu. Je, niendelee kimyakimya nilinde heshima yangu, au nikiri?

Wako mtiifu,
Mchoraji

*

Ndugu Mchoraji,

Pole, ingawa si pole kubwa. Programu mbili kuisoma kanuni moja kila moja kivyake si kosa lako. Kosa lako ni kunyatia kompyuta ya shemeji yako kama panya wa stoo. Mgonjwa akimeza dozi ambayo hakuna aliyeiidhinisha, utamweleza habari za heshima yako?

Usingoje Jumatatu. Mwambie shemeji yote, pamoja na ile michezo yako ya saa ya chai. Fungueni programu zote mbili juu ya meza moja, mlinganishe mshale kwa mshale. Ile mitatu iandikeni kwa maneno ya kawaida, kila mwandishi apate karatasi yake. Kisha shemeji ahifadhi faili kwake, akurudishie, ulilinganishe na la kwanza. Yakitofautiana, hakuna kuandika programu. Na kasoro hiyo waarifuni watengenezaji: programu ni huria, milango yao i wazi.

Shemeji atakucheka, tena wiki nzima. Mwache acheke. Wewe inuka sasa hivi ukamwite. Jibu hili lisomeni tena mkiwa wawili.