Gari Lisilorudi Nyuma

Jumapili, 7 Januari 1996

Kanisa liliisha mapema. Nikawasha Datsun, pikapu yangu, ikaitika mara moja. Kina mama wote wakageuka! Nikafungua mlango wa abiria kwa mkono wangu mwenyewe. Nani anaelekea Lurambi? Mama Mildred, jirani yetu, akasema miguu imemfa ganzi kwa kukaa, afadhali atembee. Mzee wa kanisa akasema kuna mtu anamngoja. Teresa — mke wangu wa ndoa! — akasema lazima apitie posho mill kwanza kusaga mahindi.

Nimekuja peke yangu. Nimekunywa chai, nimemaliza gazeti, ndipo nikakumbuka kwamba Jumapili posho mill zote hufungwa.

Watu wa huku wanapenda sana kutembea.

Jumatano, 10 Januari

Kelele staffroom. Gazeti lilikuwa na habari za ajali, basi mwalimu mkuu akasema tupige kura ya siri: nani dereva bora hapa shuleni? Wasio na magari walikataa kupiga. Walisema wanatupenda sote.

Matokeo: kila mwenye gari kura moja. Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Yaani kila mtu amejipigia mwenyewe! Watu hawana haya. Mimi nilijipigia kwa sababu ni kweli.

Mwalimu wa hesabu akasimama na chaki, akatuonyesha ubaoni kwamba darasa zima haliwezi kuwa juu ya wastani. Tukakubali, hesabu ni hesabu. Akafuta mikono akasema: basi nyinyi wengine jipangeni upya huko chini yangu.

Lakini mimi nina ushahidi. Mwaka jana mwezi wa saba, mtihani wa leseni. Pale mezani kuna ule ubao wenye mji mzima umechorwa, barabara na mzunguko na reli, na wewe unapewa kigari cha plastiki. Mtahini akasema nitoke stesheni niende sokoni nirudi. Nikakipeleka bila kugusa mstari hata mmoja. Kufika sokoni nikakiinua kwa vidole viwili, nikakigeuza, nikarudi. Akasema nimepita! Huyo wa hesabu alirudia mara tatu, alitwambia mwenyewe. Barabarani kwenyewe tulienda mbele kidogo tu, mtahini akaona rafiki yake, akashuka. Alikuwa ameridhika.

Jumamosi, 13 Januari

Nilienda mjini kutafuta mafuta ya taa. Nikaegesha safi mbele ya duka, pua ya gari ikiangalia Kisumu. Nyumbani ni upande ule mwingine. Hapo ndipo madereva wengine huanza kuhangaika — nyuma, mbele, nyuma tena, shingo zimepinda, jasho linatoka, watoto wa watu wanaruka mtaroni. Ya nini? Mimi ni mwalimu wa jiografia. Dunia ni mviringo. Nikaenda mbele hadi Khayega, nikakata kona ya Shinyalu, nikatokea mjini tena, nikarudi nyumbani. Barabara ya Shinyalu ina hewa nzuri.

Teresa akauliza kama siku hizi mafuta ya taa yanauzwa Uganda. Nikamweleza pole pole: gari limewekewa taa kubwa mbele na taa ndogo nyuma. Aliyelitengeneza alijua linakokwenda. Akaendelea kuchagua maharagwe.

Jumatatu, 15 Januari

Nguzo ya geti imeanguka. Ilikuwa imeoza. Datsun iliigusa tu.

Jumapili, 21 Januari

Senge Sellah alikuja kututembelea. Senge ni shangazi: huyu ni dada ya baba yake Teresa, na ndiye aliyemlea Teresa tangu hajaota meno, baada ya mama yake kufa. Kwa hiyo kwangu mimi ni mama mkwe na zaidi. Alikuja na kuku, akafunga khanga vizuri, akakaa, akanitazama. Jioni nikasema nitampeleka hadi kwenye magari ya Butere. Teresa akaanza kukohoa. Senge akasema twende.

Abiria wangu wa kwanza tangu mwezi wa kumi! Alishika dashibodi kwa mikono miwili — wazee hupenda kugusa vitu vipya. Kushuka, akanishika bega. "Omwana wanje, mwanangu," akasema, "gari yako ni nzuri. Lakini wewe unaendeshanga kama mtu anafukuza ingokho na hajui iko wapi."

Nimefikiria maneno hayo hadi chakula cha jioni. Kumfukuza kuku kunataka macho mepesi na miguu ya haraka. Nadhani alikuwa ananisifu. Nilimwambia Teresa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Sikuona la kuchekesha, lakini nilifurahi kumwona hivyo.

Ijumaa, 26 Januari

Senge Sellah alifariki jana. Alikuwa anapalilia, akaketi chini kwa muda kidogo, basi. Shemeji Phanuel ndiye alikuja shuleni kuniambia. Wamemleta mochari hapa mjini.

Teresa hajalia. Amekaa jikoni anaangalia sufuria tupu. Nimemwambia pole mara nyingi na kila mara naona ni neno dogo. Nimeumia sana.

Jumanne, 30 Januari

Mambo makubwa! Mkutano wa mazishi ulikuwa kwa Phanuel. Phanuel ni kaka yake Teresa, ana Peugeot 504, na tangu aipate hatupumui. Mwenyekiti ni Mzee Makhanu, baba yao mdogo, mtu wa kofia mbili — moja ya kuvaa na moja ya kushika. Suala: nani atambeba Senge siku ya Jumamosi?

Phanuel akasema hilo si la kujadili, yeye amebeba maiti wanne na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Jirani mwenye lori akasema yeye hajawahi kupata ajali, isipokuwa zile alizogongwa. Mwingine akasema yeye hata akilewa anaendesha vizuri kuliko hao wawili. Kila mtu mikono juu, kila mtu bora. Mimi nilinyamaza. Teresa alikuwa mlangoni na bakuli la obusuma, yaani ugali, ananiangalia. Macho yake yalikuwa yanasema nyamaza hivyo hivyo.

Ndipo Mzee Makhanu akagonga fimbo. Akasema kwao kuna mwiko. Gari yenye imebeba mtu wao haiendangi nyuma. Kutoka mochari mpaka nyumbani ni mbele tu, hata hatua moja nyuma hapana, la sivyo marehemu atarudi mjini na kukaa huko akisumbua. Marehemu kaka yake alirudishwa nyuma kidogo tu kwa petroli stesheni, na mpaka leo wanamwotanga akiuliza bei ya dizeli.

"Sasa mniambie," akasema. "Nani hapa mguu yake haijazoea rivasi? Nani hawezi kusahau?"

Phanuel akacheka, akasema hakuna dereva duniani asiyepiga rivasi.

Nikasimama. Nikasema mimi tangu nipate leseni sijawahi kurudisha gari nyuma hata siku moja. Hata nyumbani. Hata kwa bahati mbaya. Mama Mildred, aliyekuwa amekuja kutusindikiza, akasema hiyo ni kweli kabisa, Lurambi nzima inajua. Mzee Makhanu akanitazama kama aliyeletewa maji. Akasema, "Kumbe mkwe wetu aliumbwa kwa hii kazi."

Wamenichagua mimi! Phanuel hakumaliza chai yake.

Alhamisi, 1 Februari

Nimeosha Datsun mara mbili. Nimeenda mochari kupima njia ya kuingia na kutokea bila kugeuka. Inawezekana. Wataleta jeneza hadi mahali gari lilipo, badala ya gari kufuata jeneza. Mhudumu alisema hajawahi kuona hivyo. Nikamwambia ataona.

Teresa alinikalisha baada ya chai. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba Bravin, Senge ndiye alinibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea. Nataka afike kwake vizuri, mara moja. Sitaki watu wamcheke siku yake." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akasema yeye atakaa mbele na picha ya Senge, kwa sababu ndiye mtoto wake. Mbele! Na mimi! Tangu gari lije nyumbani amepanda mara mbili, na ya pili alishukia njiani.

Nikitaka kusema ukweli wa moyo wangu, sijali tena kura ya staffroom. Nataka tu afike Butere ameketi pale, na akishuka aseme asante.

Jumamosi, 3 Februari

Asubuhi. Tumetoka mochari salama. Jeneza nyuma, Mzee Makhanu na waimbaji pembeni yake kwenye mabenchi, Teresa mbele na picha mapajani. Nimesimama Bukura waimbaji wanywe maji, ndiyo maana naandika. Msafara unaniheshimu ajabu. Phanuel na wengine wameniachia nafasi kubwa nyuma, karibu mlima mzima. Na wanaotoka mbele wote wanapanda kando ya barabara wakituona. Na Teresa? Ameshika dashibodi kwa mkono mmoja tu!

Saa tisa. Naandikia kwenye usukani. Tumekwama, lakini si kosa langu.

Ilikuwa hivi. Kwenye njia ya kuingia kwao watu walikuwa wamejaa wanapunga mikono, akina mama wanalia. Nikajua wanatupokea. Nikapiga honi kwa heshima, nikapita. Nyuma Mzee Makhanu anapiga paa la gari — nilidhani ni ngoma. Teresa akasema pole pole, "Ni pale." Kweli ilikuwa pale. Sasa nifanyeje? Nyuma hairuhusiwi! Nikasema hakuna shida, mbele kuna njia ya miwa inayozunguka, tutatokea upande wa chini wa boma. Msafara wote ukanifuata, maana gari la marehemu haliachwi.

Njia ya miwa ni nyembamba. Miwa huku, miwa huku, mtaro huku, mtaro huku. Tukapiga kona — trekta! Imejaa, matela mawili ya miwa, inakuja. Tukasimama pua kwa pua.

Dereva wa trekta anaitwa Abdulnasir, kijana wa Matungu, mpole. Alivua kofia, akatoa pole, akasema innalillahi. Akasema angependa kurudi lakini matela mawili hayarudi nyuma, yanajikunja na kulala, hata fundi mkuu wa kiwanda cha sukari cha Mumias hawezi. Nikamweleza kwamba mimi naweza, ila mwiko. Tukapeana mikono. Tulielewana vizuri sana, kila mtu kwenye gari lake.

Msafara umejitoa. Phanuel alirudi nyuma mpaka barabara kubwa, halafu akaja tena mbele, halafu akarudi tena nyuma, mkono mmoja nje ya dirisha. Majivuno! Katika msiba!

Sasa wazee wanajadiliana hapo kwenye kivuli cha trekta. Wa kwanza amesema tukate miwa tupite shambani. Mwenye shamba ametokea na panga, amesema hataki. Wa pili amesema jeneza libebwe kwa mabega. Mzee Makhanu amekataa, amesema dada yake si gunia, amekuja na gari na atafika na gari. Jua ni kali. Wanawake kule bomani wameacha kulia, wamenyamaza wanatungoja. Nasikia hata kuku wao.

Teresa ameshika picha. Nimemuuliza kama ana kiu. Ametikisa kichwa.

Bado saa tisa na kitu. Mzee Makhanu amepata jibu. Mtu wa ajabu huyu! Amesema mwiko ni wa Senge, si wa gari. Kwa hiyo jeneza ligeuzwe. Kichwa kilikokuwa, miguu iwe. Gari likienda nyuma, Senge atakuwa anaenda mbele. Wote wamesema eeeh. Hata Abdulnasir amesema hiyo ni haki kabisa. Wamelitoa, wamelizungusha pale njiani huku wakiimba, wameliweka tena.

Basi mwiko umeisha.

Wanakuja dirishani. Mzee Makhanu ameinama, anafurahi. "Haya mkwe. Sasa uko huru. Rudisha gari pole pole mpaka kwa njia yetu, si mbali."

Si mbali. Nimeangalia kwa kioo. Njia imepinda. Mtaro wa kushoto una maji.

Waimbaji wameteremka kutoka nyuma. Wanasema ni heshima, wataandamana kwa miguu. Wameingia kwenye miwa, kila mmoja na mwanya wake. Mzee Makhanu pia ameingia. Phanuel amesimama mbali kidogo, mikono mfukoni, amesema, "Shemeji, nikusaidie?" Nimesema gari hili ni langu. Amesema sawa.

Abdulnasir amezima trekta ili nisikie vizuri. Anainua mkono kuniashiria njoo... hapana, rudi. Nimekanyaga klachi. Namba zilizokuwa zimechorwa kwenye kishikio cha gia zimefutika, si mimi niliyezifuta. Nimejaribu juu, ikakwaruza. Nimejaribu upande ule, Datsun ikaruka mbele kidogo, ikabusu trekta. Watu wamevuta pumzi.

Nimemwambia Teresa ashuke. Nimesema ashuke tu akae na wenzake kwenye miwa, picha nitaitunza mimi. Sijawahi kumwambia mtu yeyote ashuke kwenye gari hili.

Amesema hashuki. "Senge yuko hapo nyuma yako," amesema. "Na mimi nilisema nitafika naye."

Nimemwambia tena. Amefunga mlango vizuri, ameweka picha kati yetu, ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Amesema niweke hii kalamu chini, watu wanangoja.

Hajaniuliza kwa nini nataka ashuke.