Mume Wangu Amehamia Ndani ya Hedfoni

Mpendwa Mma Phaahla,

Msaada wako nauhitaji kabla ya Pasaka, na tafadhali unisome hadi mwisho kabla hujacheka, maana jambo lenyewe ukilitaja haraka linaonekana la kitoto, ni kisanduku cha muziki cha kuweka mezani, basi, lakini kimeninyima raha nyumbani kwangu na kimenifanya nimdanganye mume wangu, ambaye sijawahi kumdanganya ila kuhusu sukari ninayomtilia kwenye chai.

Mume wangu, Madimetja, alikuwa fundi wa reli mpaka alipostaafu mwaka jana, na ni mtu wa klabu ya jazi, wale wanaotoka Jumapili mchana na suti na viatu vya rangi mbili, kila mmoja na santuri zake kwapani, wanakaa wanasikiliza, kisha mmoja mmoja anainuka kucheza peke yake huku wenzake wakimpigia mluzi, kwa hiyo tangu niolewe muziki haujawahi kulala nyumbani kwetu, spika zake mbili ni kubwa kama makabati, na mimi kazi yangu kulalamika, "Baba Raisibe, punguza, sufuria zinatetemeka," naye anakuja jikoni, ananishika mkono hivyohivyo una unga, ananizungusha mara moja, anarudi zake na hapunguzi kitu.

Sasa binti yetu Raisibe amerudi kukaa nasi, ni muuguzi, anafanya kazi usiku na kulala mchana, na baba yake alizima spika siku ileile bila kuambiwa na mtu, kwa jinsi anavyompenda, na bahati nzuri wenzake wa klabu walikuwa wamemchangia, alipostaafu, hedfoni kubwa, nzito, za watu wa studio, Raisibe naye akamwekea muziki wake wote kwenye kompyuta, nikajua mambo yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza, kwa sababu hedfoni zile zina kiu ya nguvu, ukizichomeka kwenye kompyuta zinaimba kwa mbali, mwenyewe ananiambia, "Mokgaetji, ni kama bendi imefungiwa ndani ya debe." Rafiki yake Bra Mashego ndiye aliyemweleza kwamba anahitaji amplifaya ya mezani ya hedfoni iliyo na kigeuzi ndani yake, yaani kile kinachochukua muziki ulioandikwa kwa tarakimu kwenye kompyuta na kuurudisha kuwa sauti, kwa kuwa kompyuta yenyewe hiyo kazi inaifanya kivivu.

Basi goti linamsumbua, akaniomba mimi, kwa kuwa nilikuwa naenda mjini, nipite dukani nimnunulie, nikapita, binti mmoja wa dukani akanionyesha vitatu, kimoja kizuri cha kuvutia chenye taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa kama makaa, bei yake acha tu, kingine kidogo kama kidole cha kuchomeka kwenye kompyuta, na cha tatu cheusi cha kawaida, ukubwa wa kitabu, kina matundu mawili mbele, bei ya watu kama sisi, nikakishika hicho cheusi mkononi na pochi nimeshaifungua, halafu nikakumbuka mambo ya Jumanne.

Jumanne ile nilikuwa nakanda unga, nikachungulia sebuleni, Madimetja yuko na soksi, macho amefumba, hedfoni kichwani, anacheza, taratibu kabisa, na nyumba imenyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu, nikasogea nikanyoosha mkono kama tulivyozoea, akageuka akanipa mgongo, hakujua kama nipo, nikamgusa bega, akaruka kwa mshtuko, waya ukachomoka, kompyuta ikafyatuka na tarumbeta kwa sauti yake yote, Raisibe akatoka chumbani na kitambaa kichwani kimekaa upande, akasema, "Nyie wazee wawili, wagonjwa wangu wana adabu kuliko nyie," tukacheka wote watatu, lakini mimi nilirudi jikoni nikalia kidogo juu ya ule unga.

Kwa hiyo pale dukani nikawaza, kama sauti ya debe tu imemchukua hivi, je, ikiwa nzuri, si ndiyo nimempoteza moja kwa moja, nikakirudisha kile kisanduku, nikaja nyumbani nikamwambia zimekwisha, labda baada ya Pasaka, naye hakulalamika, akasema, "Hakuna shida, mama. Debe nimelizoea," na neno hilo halijaniacha nilale, Mma Phaahla, niambie, ninunue kipi, au nisinunue kabisa?

Andika Mokgaetji tu, tuko wengi wenye jina hilo hapa Mamelodi.

Mma Phaahla anajibu:

Mokgaetji, dada yangu, nilicheka kabla ya mwisho, nilipofika kwenye unga nikaacha.

Nianze na kukugombeza, maana umekuja mwenyewe. Mzee wa watu amezima spika zake kwa hiari ili mtoto wake alale. Hakununa, hakudai shukrani. Anachoomba ni kusikia vizuri zawadi aliyopewa na wenzake, na wewe unamwambia zimekwisha, wakati umekishika kisanduku kwa mikono yako. Hilo halikufai. Na tangu lini mtu akajua unachokitaka kama hujamwambia? Miaka yote amekusikia ukisema "punguza". Haya, amepunguza. Utamlaumu kwa kutii?

Najua kinachokuuma. Wapo wanawake wanaoniandikia kwamba waume zao wamehamia baa, wengine wamehamia nyumba ya pili. Wako amehamia sebuleni kwako, futi chache kutoka kwenye jiko lako, na bado unamkosa. Sikucheki kwa hilo. Ukimya wa mtu unayempenda una uzito, hata akiwa na soksi tu mbele yako. Lakini mficha uchi hazai, mama. Leo, kabla hujaivisha chakula, kaa naye umwambie mambo mawili: kwamba ulidanganya, na kwamba unaukosa muziki wake. La pili litakuwa gumu kuliko la kwanza, kwa sababu itabidi ukiri kwamba sufuria zilikuwa hazina tatizo.

Sasa kisanduku. Mimi nilidhani amplifaya ni kitu cha wahubiri, ikabidi nikaulize na kusikiliza mwenyewe. Kile chenye taa za kioo kiache. Kinapendeza, kinachemka kama jiko, na nusu ya bei unalipia mwanga. Kile cha kidole si kibaya kwa hedfoni nyepesi, ila kwa mizigo ile ya studio kinaweza kuishiwa pumzi. Cheusi ndicho chako. Kina kigeuzi na amplifaya pamoja, hutanunua viwili. Ila kabla ya kulipa, mwambie yule binti akuonyeshe kwamba matundu yote mawili ya mbele yanafanya kazi kwa wakati mmoja, maana vingine ukichomeka huku vinazima kule. Halafu kigeuze uangalie mgongoni kama kuna matundu ya kupeleka sauti kwenye spika. Raisibe ana siku zake za mapumziko, na siku hizo makabati yale yaamke.

Mpeleke Madimetja mwenyewe, goti na yote. Kodini hata teksi ya peke yenu. Achukue hedfoni zake, achague wimbo anaoujua kama njia ya kwenda kwao, asikilize. Wakianza kumsomea namba zilizoandikwa kwenye boksi, aendelee kusikiliza. Mwulize yule binti kama duka litakipokea kikirudishwa, na upate risiti. Na wewe, nunua hedfoni zako nyepesi, zenye waya mrefu. Kama hujui jazi, hujachelewa. Kaa, uchomeke tundu la pili, unyamaze, umwache akufundishe.

Usisubiri Pasaka.

Baada ya sikukuu ilinifikia barua hii, naichapa kwa ruhusa ya mwenyewe:

Mma Phaahla,

Mimi ndiye mzee wa soksi. Klabu nzima imelisoma gazeti lako, na Bra Mashego amelisoma kwa sauti, amesimama juu ya kiti. Nimekusamehe.

Mke wangu aliniambia kabla gazeti halijatoka, Jumamosi asubuhi, tukiwa tunamenya viazi. Nilimwuliza, "Kwa hiyo zilikuwepo?" Akasema, "Zilikuwepo nyingi." Nikacheka mpaka kisu kikaanguka. Halafu akaniambia lile jingine, kwamba anaukosa muziki wangu. Mimi nilidhani nampa amani, Mma. Nilijiona mume mwema.

Tulienda mjini wote wawili. Nakiri ile yenye makaa niliitazama sana, na yule binti wa dukani aliniona. Nikazichomeka hedfoni zangu kwenye ile nyeusi, nikaweka wimbo ninaoujua tangu sijaota ndevu, na bendi ikatoka kwenye debe. Mpiga besi, niliyedhani namjua, kumbe alikuwa anapumua kati ya noti. Nilizivua nikamvisha Mokgaetji palepale mbele ya watu. Akasikiliza, akasema, "Kwa nini hujaniambia kwamba huyu mtu ana huzuni hivi?"

Sasa tunakaa mezani mchana, Raisibe amelala. Mama anauliza, nasimamisha wimbo, namweleza, tunaendelea. Anauliza sana. Alhamisi moja wimbo mmoja ulituchukua mpaka saa ya chakula ikapita, tukala mkate.

Kuna jambo moja hukutuambia, mshauri. Kisanduku kina matundu mawili lakini kitufe cha kuongeza sauti ni kimoja. Hedfoni zake nyepesi, zile ulizomwambia anunue, zinapaza upesi, zangu nzito zinataka nguvu. Nikiongeza mpaka zangu zishibe, yeye anaumia masikio.

Tunasikiliza kwa kipimo chake. Nainama kidogo, natega sikio, nasikia.

Madimetja, Mamelodi