Mama Amenigombeza

Alhamisi. Mvua imekatika asubuhi, ziwa limetulia, na mimi nimegombezwa.

Nimegombezwa! Mama amesema sombe yangu, majani ya muhogo, haikutwangwa vizuri, imejaa nyuzi, ni chakula cha mbuzi. Nilienda nyuma ya nyumba nikacheka mpaka nikalia. Miezi miwili huyu mama hakuwa na nguvu ya kugombeza hata kuku. Kansere ya titi ilimulaza akitazama ukuta, anauma kona ya kitenge ili tusisikie.

Na kosa nililiona kila juma, nikanyamaza. Naliandika hapa nisije nikajidanganya.

Papa Fidele, munganga wa hospitali, anakuja kila Jumanne. Anabisha, anaketi, anamuuliza Mama habari. Mama, binti wa kijiji cha Zongwe aliyelelewa vizuri, anajibu: muzuri tu, Papa, na kwako? Kwetu mugeni haonyeshwi shida. Njo vile alifundishwa, njo vile alinifundisha. Basi Papa Fidele anaandika kwenye fishi, karatasi ya mugonjwa: hana maumivu. Anaacha vidonge vile vile vya kichwa, anaenda zake. Na mimi nimesimama mulangoni, naona haya kumusahihisha mama yangu mbele ya mugeni.

Haya gani hiyo?

Jumanne hii nikamungojea njiani. Nikamuambia yote, mpaka kitenge kilichotoboka kwa meno. Tukaingia, salamu zikaenda kama kawaida, maji akanywa. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mama, salamu zimekwisha. Sasa munionyeshe kwa vidole. Kimoja, maumivu kidogo. Vitano, mengi sana."

Mama alinitazama kwanza. Akafungua mukono wote.

Halafu akainua na wa pili.

Papa Fidele akalikata lile neno kwenye fishi. Nilimufuata hospitali palepale, nikarudi na chupa ya dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Kijiko kimoja kila baada ya saa nne, bila kungoja aumie kwanza.

Uvimbe uko palepale, najua, sijipumbazi. Lakini jana muchana alilala usingizi wa kweli, mudomo wazi, kitenge kimeanguka chini. Leo ameomba kitana, amechana nywele mwenyewe, akaonja sombe yangu na kuitukana. Tumeshinda, hata kama ni kwa leo tu.

Kesho natwanga upya. Nitaacha nyuzi kidogo, makusudi.