Anayeitikia Kwenye Kaseti ya Tatu

Gereji, Morogoro
Alhamisi asubuhi

Dada yangu Minza,

Mwangaluka, dada. Mwangaluka na kwa shemeji, na watoto, na wote waliomo kwenye mji wetu hapo Somanda. Mvua imenyesha? Pamba mmeshapalilia? Mimi mwili ni mzima na jicho limepona, ndiyo maana unaona mwandiko wangu mwenyewe, siyo wa kuandikiwa. Roho ndiyo haijatulia. Nimekasirika, dada, tena nimekukasirikia wewe. Nimeanza na salamu kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, usije ukasema Morogoro imenifundisha utovu wa adabu.

Nianzie mbali kidogo ili uone hasira yangu inatoka wapi.

Tangu siku ile nachomelea chesisi ya lori, kipande cha chuma kikaruka na kuniingia jicho la kulia, unajua nilivyokaa. Daktari alinikataza kusoma kwa miezi sita. Mimi, mtu ambaye hata karatasi ya kufungia maandazi naisoma pande zote mbili! Bosi akanipa kazi ya kuchambua nati na bolti kwa vidole, na niliona nitachanganyikiwa. Wewe ndiye uliyeniokoa, hilo silisahau hata nikiwa na hasira. Ulikaa uani na ile redio kaseti ya shemeji, ukanisomea vitabu vizima, halafu kaseti ukampa yule mzee wa behewa la vifurushi pale Malampaka aniletee. Mimi nazisikiliza hapa gereji huku nachambua nati. Mafundi wenzangu walianza kwa kunicheka. Mwisho wakawa wanazima jenereta ili wasikie vizuri.

Na uzuri wenyewe ulikuwa mama. Unajua mama hawezi kusikia hadithi akanyamaza. Lazima aitikie kila sentensi, kama bibi alivyomzoesha, na lazima agombane na hadithi. Kile kitabu cha mji uliojengwa chini ya ziwa, watu wanavuta hewa kwa mipira, wewe unasoma kwa sauti nzuri ya darasani, mara mama anakukatiza: "Subiri kwanza, Minza. Huko majini ugali wanasonga kwa moto gani?" Wewe unamjibu kitabu hakijasema. Yeye anasema, "Basi huyo mwandishi hajawahi kupika." Gereji nzima ilicheka siku hiyo. Na ni kweli! Nimekifikiria kitabu kile mpaka leo, mwandishi kajenga nyumba za vioo, kaweka taa zisizozimika, lakini watu wake hawana njaa, hawana hata choo. Sasa hao ni watu gani?

Kile cha mashine inayomtajia mtu siku yake ya kufa, sikukipenda hata kidogo. Mwanzo ulinishika, mwisho mwandishi akaogopa hadithi yake mwenyewe, akasema ilikuwa ndoto. Nilitaka kuitupa kaseti kwenye pipa la oili chafu. Mama naye alisema, "Tumepoteza jioni zetu bure."

Ulipochelewa kuleta nyingine, nikajaribu kununua. Siku hizi kila kitu ruksa, maduka yamejaa kaseti, hata hadithi zilizosomwa na watu wa studio zipo, zina muziki na milango inayolia. Nikachukua moja ya mtu aliyegeuka upepo. Ala! Msomaji anakimbia kama anatangaza mpira. Mtu anakufa, yeye anakimbia. Mtu anaoa, anakimbia. Hakuna anayemwambia subiri kwanza. Nilisikiliza upande mmoja nikaitoa, na hapo ndipo nilipojua kwamba kumbe sikuwa nasikiliza vitabu tu, nilikuwa namsikiliza mama.

Sasa tuje kwenye kitabu cha nyota.

Kijana wa kijijini anachaguliwa kupanda chombo kwenda kwenye nyota ya mbali, na huko siku zinakwenda polepole kuliko nyumbani. Ulinisomea kwenye kaseti tatu. Ya kwanza, mama yumo mzimamzima. Kijana hajafunga hata mkanda, mama anauliza, "Ng'ombe zake kamwachia nani?" Ukamwambia hana ng'ombe. "Hana ng'ombe, na mnamchagua aende kutuwakilisha?" Nilirudisha kaseti hapo mara tatu.

Ya pili na ya tatu, mama anaitikia "Eeh" tu. Eeh, eeh, eeh, kwa adabu, kama yuko kanisani. Nikadhani kitabu kimemchosha. Mwisho wenyewe ulinifurahisha: kijana anarudi, anamkuta mama yake amekaa mlangoni anapepeta mtama, anamwambia umechelewa, njoo ule. Nililia mbele ya mafundi, sikuona aibu.

Wiki iliyopita nimepata miwani. Jambo la kwanza nikaenda sokoni, kule wanakofungua marobota ya mitumba. Kuna mama anauza vitabu vilivyotumika, kavipanga chini kwenye turubai. Nikakiona kitabu cha nyota, jalada lilelile ulilonieleza, la buluu na chombo kama gunzi. Nikakinunua ili nisome kwa jicho langu ule mwisho.

Dada, huo mwisho haumo.

Nimesoma mara mbili, nimevua miwani nikaifuta, nikasoma tena. Kijana anarudi, anakuta nyumba imeshabomoka na mama yake alishafariki miaka mingi. Na ile sura ya kumi na moja umeiruka nzima! Ndiyo sura nzuri kuliko zote. Kijana yuko safarini, anapokea salamu za mama yake kupitia mitambo, "tuko wazima, usiwe na wasiwasi," anafurahi, anazisikiliza kila siku. Kumbe mama alikwisha kufa, na ndugu zake waliendelea kutuma zile salamu za zamani ili asivunjike moyo huko aliko.

Nilikasirika sana. Nikasema, huyu dada ananifanya mtoto mdogo! Mwalimu mzima anakata kitabu cha watu kama anakata kitambaa! Nikachukua kaseti ya tatu nikaisikiliza na kitabu mkononi, mstari kwa mstari, ili nikuandikie kila ulipodanganya. Orodha nilikuwa nayo hapa, nimeichana.

Nimeichana kwa sababu nilifika pale kijana anapokumbuka siku aliyoagwa nyumbani. Umesoma vizuri, hukubadilisha neno: baba yake alimchinja ng'ombe pekee aliyekuwa akikamuliwa, ili wageni wale. Na mama akasema, "Eeh."

Eeh, Minza? Mama yetu asikie mtu kachinja ng'ombe mwenye maziwa, tena wa pekee, ndama wake bado ananyonya, aseme eeh? Angesimama. Angeizima hiyo redio. Ungemsikia mpaka Maswa. Angekukataza kuendelea na kitabu cha watu wapumbavu namna hiyo.

Nimerudisha hapo mpaka mkanda umeanza kukwaruza. Sauti ni ya upande wa mama kabisa, lakini ni nyembamba. Ni mama mdogo Kabula. Yeye ndiye asiyebishana na mtu. Mmemkalisha kwenye kigoda cha mama aitikie, ili mimi huku nisijue.

Desturi yetu naijua, ugonjwa wa mzazi hauandikwi kwenye barua, mtu aliye mbali anaachwa ale ashibe kwanza. Baba alipofariki mliniandikia "njoo tusaidiane kuvuna", nikaja na jembe jipya mkononi nikakuta matanga. Mlisema ni kwa sababu nilikuwa mdogo. Leo nina ndevu, dada. Macho nilikatazwa, lakini masikio hamkuniambia kwamba nayo yameharibika.

Mwambie shemeji nashukuru kwa redio yake, na watoto wako waambie mjomba ana vitabu vyao viwili vya picha. Mwenye duka la mitumba anayekuazima vitabu, mpe salamu na umwambie hiki cha nyota ni kizuri sana, kuliko vyote ulivyonisomea, na mwandishi wake hakuogopa. Mama mdogo Kabula mwambie sina kinyongo naye, alifanya alivyoombwa. Salamu za mama siziandiki hapa.

Barua hii anaileta mzee wa vifurushi kwa treni ya leo. Mimi nimemwomba bosi ruhusa, naja na treni inayofuata, nitashuka Malampaka. Unajua mama hajawahi kukosa kunipokea pale stesheni, na michembe yake ya viazi vikavu kwenye kitambaa, na kugomba kwamba nimekonda. Akiwepo, nitapiga magoti palepale kwenye kokoto, anigombe mbele ya watu kwa kumdhania kifo, na wewe nitakuomba radhi. Lakini nikishuka nikakuta umesimama peke yako, usinieleze kitu pale. Nipokee begi tu, twende nyumbani.

Mdogo wako,
Mabula