Pua ya Watasema

Jumatatu, 7 Juni 1993
Mbwa tena. Nimeshatawadha, nainama kutandika mswala, hilo jipua lake la maji likaniingia chini ya kanga. Ziwa la kushoto, kama jana. Nikapaosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka. Adhuhuri karibu inipite nikisugua. Bakari anasema huyo ni mlinzi wa duka, nimvumilie. Tangu biashara iwe huria kila mwenye marobota ya mitumba hapa Singida anataka mbwa. Wake kamwita Watasema, ili akimwita majirani wasikie. Mume wangu ana uchokozi wa kitoto.

Jumamosi, 12 Juni
Nimempiga Watasema kwa mwiko. Akalia, akarudi palepale. Ziwa la kulia hana habari nalo. Leo nikisugua na udongo, vidole vikagota. Kitu kigumu, kama punje ya karanga. Hakiumi. Nimemwambia Bakari. Ameacha kula.

Ijumaa, 2 Julai
Hospitali, kuchukua majibu ya kile kinyama walichonikata ziwani. Daktari akauliza mwenye mke yuko wapi. Mimi nikaambiwa nisubiri kwenye benchi, wanaume wakafunga mlango. Ziwa langu, majibu ya Bakari. Alipotoka akasema ni maziwa yaliyoganda, yatayeyuka yenyewe. Maziwa gani? Kitinda mimba wetu Jamila yuko darasa la tatu. Lakini nilifurahi. Nilipita sokoni nikanunua samaki.

Alhamisi, 22 Julai
Watasema hayupo. Bakari kampa dereva wa lori, ati akalinde machimbo Sekenke. Amechoka, anasema, kuniona najiosha kutwa. Leo ndiyo amekumbuka najisi.
Mbwa huyo nilimtaka aondoke zamani, na bado sina raha. Wifi Mwajuma kaja kunitekea maji, yeye ambaye kwangu hajawahi kuosha hata kikombe alichonywea. Jirani niliyegombana naye kaniletea mtama wa kusaga. Wanaongea nami kwa sauti za msibani. Sipendi.

Jumapili, 15 Agosti
Kitu kimekua. Nimembana wifi jikoni. Nilimwambia upole wake unanitisha kuliko ugomvi wake. Akaanza kulia.
"Kaka alitukataza, wifi. Alisema ukijua ni kansa utakufa kwa hofu kabla ya ugonjwa."
Daktari alikuwa ameagiza nipelekwe Dar es Salaam upesi, nikatwe kabla haijasambaa. Mama mkwe alijua. Shemeji zangu walijua. Ukoo mzima umekaa kikao juu ya ziwa langu, na chai niliwapikia mimi.
Bakari aliporudi nikamuuliza. Alikaa chini kama aliyesukumwa. Kwanza ati alinihurumia. Kisha ati alikuwa anatafuta maneno. Mwisho akasema kweli: kila mbwa aliponinusa, yeye alikumbuka kwamba kitu bado kipo. Hakuweza kutazama.
"Mbwa hakunihurumia," nikamwambia. "Alinisumbua mpaka nikajua. Wewe ukamfukuza."
Kikulacho ki nguoni mwako, nimeusema msemo huo maisha yangu yote nikiwafikiria wezi. Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Jumatatu, 16 Agosti
Nimefunga mzigo. Anataka kunisindikiza. Asindikize.

Jumanne, 24 Agosti. Dar es Salaam
Joto. Feni ya wodi haizunguki. Safari nzima nilimjibu Bakari ndiyo na hapana tu.
Asubuhi alikwenda kunitafutia chai. Daktari akaja na majibu. Akauliza mume wangu yuko wapi, ana mazungumzo naye.
Nikasema sina mume.
Akasitasita, halafu akavuta kiti, akaniambia mimi. Imefika kwapani. Ningekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi. Wataliondoa ziwa lote keshokutwa, kisha dawa, kisha tutaona. Tumaini lipo, hakunihakikishia. Nikauliza yote niliyotaka kuuliza. Akajibu kila kitu, hata yale mabaya. Nimelia mbele yake na sikuona aibu.
Alipotoka nikamwona Bakari mlangoni, kashika chupa ya chai. Sijui alisikia kuanzia wapi. Akaingia, akakaa kwenye kile kiti, akamimina. Hakuuliza daktari kasema nini. Nami sijamwambia.