Koili Niliyokataa Kuifumua

Chumba Na. 6,
Nyuma ya karakana ya vipimo.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama? Sisi wazima. Mjukuu wako ameota meno mawili na ananing'ata bila aibu. Usingizi nausikia kwa majirani tu.

Umesikia nilikaribia kufukuzwa kazi, ukaandika nikuletee mtoto umlee. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Tunatengeneza chombo cha kuhisi sumaku hafifu mno, ile inayotoka kwenye moyo ukipiga. Kina koili mbili, yaani waya uliozungushwa kama uzi kwenye kibiringo, zilizopeana mgongo. Sumaku ya mbali, kama ya magari barabarani, inaziingia zote sawa na kujifuta. Ya karibu inabaki. Ila lazima mizunguko ilingane. Mimi ndiye ninayezungusha waya, mwembamba kuliko unywele: elfu moja mia mbili huku, na kule vivyo hivyo.

Jumatatu moja mwezi uliopita tukakijaribu. Mstari kwenye skrini ukarukaruka kama panzi, na Jumatano madaktari wanakuja kukiona! Mhandisi wetu, tunayemwita Mzee Kimya, akanigeukia.

"Mama mtoto, ulisinzia ukapoteza hesabu. Fumua, au mpishe mwingine."

Kuchoka nilichoka, Shangazi, lakini hesabu sikupoteza; kila mizunguko hamsini natia alama kwenye karatasi. Na waya ule ukifumuliwa unakatika. Wiki tatu zangu! Tena nilikuwa nimeona jambo: akienda mlangoni, mstari unatulia, akirudi kutazama, unaruka.

"Sifumui, mzee. Kwanza vua viatu."

"Nikae peku kama kuku?"

"Sisi saa na pini za nywele tumeziacha nje kwa amri yako. Nywele zangu hizi zimesimama kama ufagio, nimelalamika?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Akavua, vikatolewa nje. Mstari ukalala. Kumbe viatu vipya, kavinunua kwa ajili ya wageni, na ndani ya soli mna bapa la chuma! Aliniomba radhi mbele ya wote, na Jumatano akawapokea madaktari kwa ndala. Tuliona mapigo ya moyo wa daktari mmoja bila kumgusa.

Sasa wanataka kingine, cha watoto wachanga. Mzee Kimya akachora koili pana kama sahani. Nikamwambia hiyo ni ya mtu mzima, nikampelekea uzi niliompima nao mwanangu kifuani. Mchoro umeanza upya, na safari hii nami nimewekewa kiti mezani.

Kwa hiyo mtoto simleti, Shangazi yangu. Najua umesema kwa upendo, na jibu langu ni hilo hilo. Njoo wewe umbebe, nami nilale siku mbili mfululizo.

Nisalimie babu, mama mdogo na mapacha wake wale watundu. Mungu akuzidishie siku na akupe jirani mwema.

Wako akupendaye daima,
Binti wa kaka yako