Ule Wimbo Tuliouweka wa Mwisho

Tunduma, dukani, mchana, wateja hakuna

Mama,

Gramafoni yako imepona. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza wajukuu wako wamekula nini. Mkanda wake ulikatika ile wiki tuliyokuzika. Mama mdogo Tamali akasema ni mashine tu, imechoka. Mimi nikasema hapana, imesusa. Tukabishana mbele ya waombolezaji mpaka mchungaji akakohoa. Unatujua.

Habari nyingine za nyumbani ni hizi. Kahawa ya Itaka tumeichuma bila wewe, na hakukuwa na mtu wa kutukemea tulipochanganya mbichi na mbivu. Mama mdogo amehamia chumbani kwako. Yule ng'ombe wako mkorofi anamkubali, anatulia akamuliwe, jambo lililoniudhi kidogo. Mimi bado niko na duka langu la vitenge huku mpakani. Na Jumamosi iliyopita tumelijengea kaburi lako. Hapo ndipo penye maneno. Kuna jambo limetokea kuhusu nyimbo zetu, Mama, na sina mwingine wa kumwambia. Nikimwambia mume wangu ananiangalia kama mtu mwenye homa.

Niache nianzie mbali. Unayajua yote haya, lakini siku hizi nikiyasema napata nafuu. Ulipokuwa msichana ulimfuata kaka yako, mjomba Daimoni, Zambia kwenye migodi ya shaba. Wenzako waliorudi kutoka huko walirudi na mablanketi na baiskeli. Wewe ukarudi na gramafoni ya betri na santuri ndogo za bendi moja tu, Bana Nkuba, wale vijana wa rock wa suruali za bugaluu na magitaa ya kukwaruza. Bibi alitaka kuzitumbukiza chooni. Na mjomba alikuwa amezichezesha sana kwenye madansi yake, upande wa kwanza wa karibu kila santuri ulishakwisha, ukiweka sindano unasikia mvua tu. Ndiyo maana mimi nimekua sizijui zile nyimbo zao zilizovuma. Nimelelewa na upande wa pili.

Wewe ulisema ni bahati. Upande wa kwanza bendi inajipendekeza, ulikuwa ukisema, upande wa pili inadhani hakuna anayesikiliza, ndipo unapoijua. Nilikuwa nayaona ni maneno ya kupitishia muda. Sasa nayawaza hata nikiwa nampimia mteja kitenge.

Tulikuwa tunazipanga kwenye kichanja, msimu wa kuanika. Wewe upande ule, mimi upande huu, mikono inachambua punje mbovu, gramafoni iko kwenye kigoda, na ugomvi umeshaanza: upi wa kwanza, upi wa mwisho. Kanuni uliiweka mwenyewe. Wimbo hauhami nafasi mpaka sote wawili tukubali. Mmoja akikataa, unabaki ulipo. Kwa kanuni hiyo kuna nyimbo zilikaa mahali pamoja tangu niko shule ya msingi mpaka nimezaa.

Wa kwanza hatukuwahi kuugombania. Treni. Majina yalikuwa ya kwako, maana karatasi zote za katikati zilishabanduka na majina ya wenyewe yalienda nazo. Gitaa linaanza peke yake, halina haraka, mpaka unadhani wamesahau kuimba, halafu ngoma zinaingia zote kwa mpigo na kama umekaa lazima usimame. Wa pili ni Jirani, na hapo mimi bado nina kinyongo. Mpiga ngoma anapotea katikati, Mama! Anapotea kabisa, wenzake wanamsubiri, anarudi mbio kama mtu aliyesahau ufunguo. Wewe ulisema ndio utamu wenyewe, kwamba wangeweza kurudia kurekodi, wakaamua kuibeba aibu ya mwenzao wote kwa pamoja. Mimi nafasi ya pili niliitakia Mvua ya Mawe, kwa ajili ya lile besi linalotembea chini chini. Nilikuomba kila msimu. Thubutu! Basi ni wa tatu, na sitaki tena kuuzungumzia.

Huko chini tulielewana vizuri. Kizungu cha Puani, ambamo wanaiga wazungu mpaka wenyewe hawajui wanaimba nini. Dada Rozi, wenye filimbi, na hadi leo sijui nani aliwashauri waweke filimbi. Na chini ya zote, chini kabisa ambapo hakuna pa kushuka tena, Kuku.

Ah, Kuku. Ile santuri upande wake wa kwanza ulichorwa kwa kisu toka mwanzo hadi mwisho, hata hatukuwahi kujua una nini. Upande wa pili magitaa yanakimbizana, mwimbaji ana sauti nyembamba ya kupayuka, maneno hayashikiki, na umeisha kabla hujakaa vizuri. Ulisema huyo ni mke wa mpiga ngoma, amewalilia na yeye arekodiwe, wakampa upande wa pili ili nyumbani pawe na amani. Ukawa unamwigiza, shingo umeirefusha, ungo mkononi, na mimi nacheka mpaka kahawa inamwagika. Na ulipougua, zile wiki za mwisho, hukuomba Treni. Ulisema, niwekee ule wa mwisho nicheke kidogo. Ukacheka. Mbavu zinakuuma na unacheka.

Sasa sikia.

Juzi juzi nilivuka kwenda Nakonde kufuata mzigo, nikaibeba gramafoni kwa fundi mmoja wa kule niliyeelekezwa. Nikabeba na santuri moja ya kujaribia. Nikabeba Kuku. Si ni wa mwisho? Sindano ikiikwangua, hakuna kilichoharibika. Na wewe ungefanya hivyo hivyo, usinikatalie.

Fundi akaweka mkanda mpya, halafu akaliona lile tundu la pembeni, lile uliloliziba kwa nta ya mshumaa ili mende wasiingie. Kumbe palikuwa na swichi ya kubadili mwendo. Iling'oka huko huko Zambia kabla sijazaliwa, na tangu hapo mashine ikawa inajua mwendo mmoja tu, wa mbio. Akatafuta swichi nyingine kwenye makorokoro yake, akaipachika. Nikamwambia jiandae kucheka, huyu anayekuja ni mke wa mpiga ngoma. Wimbo ukaanza kukimbia kama siku zote, mimi meno nje. Yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa akasikiliza, akasema, awe bamayo, hapana mama, hii haizunguki hivi. Akaisukuma swichi.

Mama, ni mwanaume.

Ni yule yule wa Treni, ila hapa hapigi kelele. Sauti nzito, imetulia, kama baba anayeongea na mtu mlangoni. Yale magitaa yaliyokuwa yanakimbizana kumbe yanapokezana, moja likisema jingine linangoja. Fundi akanieleza kwamba santuri zile nyingine zote ni za mwendo wa mbio, hiyo moja tu ndiyo ilitengenezwa izunguke polepole, na sisi miaka yote tulikuwa tunaiswaga. Maneno yakasikika moja moja, na Kibemba cha sokoni ninacho cha kutosha. Anaaga nyumbani kwake alfajiri. Anamwomba mkewe leo asifagie uwanja, aziache nyayo zake zikae mpaka jioni. Hilo tu. Analisema, gitaa linamjibu, analisema tena. Hakuna wimbo wao unaoufikia huo. Hata Treni. Nisamehe, Mama, lakini hata Treni.

Nilikaa juu ya ndoo ya fundi wa watu nikalia. Maskini, alidhani ameniharibia kitu.

Nikarudi Tunduma na hasira, na hasira yenyewe haina wa kupelekewa. Nimpelekee nani, mende? Umekufa hujausikia. Kitu kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo kwenye ile nyumba tulikigeuza kichekesho, na wewe umeondoka ukiamini ni mke wa mpiga ngoma. Na kuurekebisha siwezi. Hauhami mpaka wawili wakubali, na wa pili ni wewe.

Ikaja Jumamosi. Ulishasema siku ya kukujengea tukupigie Treni. Msiniimbie kwaya tu, ulisema, kama vile sikuwahi kuwa msichana. Mama mdogo, mzee wa kanisa yule, alikaa na jambo hilo muda mrefu, akaniambia sawa, wimbo mmoja, Eliza, mmoja. Akanyoosha na kidole. Basi nikaenda Itaka na santuri mbili kapuni. Njia nzima nilikuwa najiuliza. Nikupigie ulioomba, au nikupigie ambao ungeuomba kama ungeusikia? Nafasi ni moja. Nilikuwa nimeshajishawishi kuvunja ahadi, Mama, nakwambia ukweli. Nilijiambia utanishukuru.

Mafundi walimaliza saruji, wakaupachika msalaba, mchungaji akaomba, kwaya ikaimba. Mama mdogo akaniangalia. Mkono wangu uliingia kapuni ukiwa na nia ya Kuku, ukatoka na Treni. Sijui kueleza. Wewe ulisema Treni, na ni nani mimi wa kujua ungetaka nini? Tukaisogezea kipaza sauti cha kwaya, lile gitaa likaanza, halina haraka, wazee wakaangaliana, na ngoma zilipoingia kuna baba mmoja wa Hasamba alisimama kabisa, kisha akajifanya anatafuta kofia yake.

Ulipoisha nikafunga kifuniko. Mama mdogo akanisogelea akasema, na ule wa kukuchekesha dada? Nikamwambia si ulisema mmoja? Akasema, Eliza, acha ubishi, hawezi kulala bila ule.

Nikaiweka. Swichi iko chini ya kidole changu. Polepole, watu wote wangesikia kile nilichokisikia Nakonde, na wangelia. Lakini wangemlilia mwanaume wa Zambia, wasingekulilia wewe. Wewe ulikuwa upande wa mbio. Nikaiacha mbio. Sauti ile ya kupayuka ikatoka kwenye spika ya kanisa, wajukuu wako wakaruka kucheza, na mama mdogo, mzee wa kanisa, akairefusha shingo vile vile kama wewe. Tulicheka kaburini kwako, Mama. Mchungaji alikohoa mara moja, baada ya hapo na yeye akashindwa.

Walipokwenda kula nilibaki. Nikasema nakusanya nyaya. Nikazima kipaza sauti, nikakaa ukingoni pa saruji ambayo bado ilikuwa na unyevu, nguo ikaharibika, nikaisukuma swichi. Nikakuwekea wote, toka mwanzo. Sikuimba wala sikutafsiri. Ulipoisha nikakuuliza kwa sauti kabisa, kama ninavyokuuliza kila mwaka: haya, wa ngapi?

Nikangoja.

Maisha yangu yote sijawahi kukuuliza habari ya nyimbo hizo ukanyamaza. Ukiwa na homa ulijibu. Ukiwa umenuna ulijibu. Siku ya mazishi nilijua umekufa kwa sababu watu waliniambia na kwa sababu niliona sanduku. Jumamosi, Mama, ndipo nilipojua mwenyewe.

Kwa hiyo Kuku bado ni wa mwisho. Ningeweza kuupandisha, na nani angenizuia? Ila huo ungekuwa mpango wangu peke yangu, na mimi sijui kupanga peke yangu, sikufundishwa hivyo. Nakuahidi sitauhamisha. Watoto nitawasikilizisha kwa miendo yote miwili, wacheke, kisha wanyamaze, lakini nafasi sitaigusa. Siku nitakayokuja, Mungu akipenda isiwe karibu, usinikaribishe kwa chai wala usiniulize habari za huku. Kaa tubishane. Mimi nitasema ni wa kwanza. Wewe utakataa, hata kama umeshakubali moyoni utakataa tu, na mimi nitafurahi sana kukusikia ukikataa.

Pumzika, Mama yangu.

Mwanao,
Eliza